Jina Nililolisogeza Siku Tisa

Kazi yangu ni kuwanunulia watu vitu wasivyoweza kuvifuata wenyewe. Wenye maduka madogo wa Songea, Masasi na Tunduru hunitumia oda kwa simu, nami naingia Kariakoo kuzitafuta: mashuka ya huyu, sufuria za yule, vifungo vya fundi mmoja anayetaka rangi ya maziwa, siyo nyeupe. Nikishanunua nafunga mzigo, naupeleka kwenye gari, kisha nasubiri kusikia kwamba umefika. Kununua kunachosha miguu. Kufuatilia kunachosha kitu kingine, ambacho hakiponi kwa kulala.

Wakati huo nilikuwa na wateja kama arobaini na daftari moja kubwa. Kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, nilikaa kwenye ngazi za jengo moja Mtaa wa Kongo nikaandika ukurasa wa siku: mizigo ya kuondoka leo, iliyo njiani, halafu malalamiko. Kisichofanyika kilihamia ukurasa wa kesho. Watu walinisifu kwamba sisahau. Kweli sikuwa nasahau. Nilikuwa nahamisha.

Mteja wangu mmoja wa Tunduru alikuwa anauza nguo za watoto. Tulifanya biashara miaka sita bila kuonana. Siku moja nilipokuwa nimebanwa kati ya mkokoteni na ukuta, uliingia ujumbe wake wa sauti: "Dada, ukipata nafasi nipigie. Siyo habari ya mzigo."

Nikaandika: kumpigia mama wa Tunduru. Kwa kuwa hakukuwa na mzigo, nilimweka chini kabisa.

Wiki ile lori liliharibika njiani na mizigo ya watu watatu, na wote watatu wakawa wananipigia mimi kana kwamba mimi ndiye dereva. Vitenge vya Masasi vilifika vya rangi nyingine. Kila asubuhi nililiona jina lake, nikalinakili upya chini ya ukurasa, nikajisemea leo. Nilifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi nilimpigia mchana, nikiwa foleni ya kulipia dukani, maana sikuwa na cha kufanya pale ila kusimama.

"Nilidhani umebadilisha namba," alisema.

"Nisamehe dada, kazi zimenizidi. Habari za Tunduru?"

"Sipo Tunduru. Nipo hapa Upanga, hospitali. Binti yangu amefanyiwa upasuaji wa mguu."

"Mmekuja lini?"

"Nilipokutumia ule ujumbe ndiyo tulikuwa tunashuka kwenye basi. Mjini hapa simjui mtu mwingine. Nilitaka tu siku ya upasuaji nisikae peke yangu."

Nilitoka kwenye foleni. Nilikatisha Mnazi Mmoja kwa miguu, simu ikilia mkobani, nikaiacha ilie. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia, na yote yalikuwa yale yale ninayowaambia watu mzigo ukichelewa.

Kwa sauti yake nilitegemea mtu wa mwili mkubwa. Nilimkuta mwanamke mdogo, mwembamba, amekaa kwenye benchi na kikapu cha plastiki pembeni. Alinitambua kabla sijasema kitu, kwa daftari mkononi nililokuwa nikilitaja kwenye simu. Tukaingia wodini. Binti, wa miaka kama kumi na mmoja, alikuwa amelala mguu umefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri. Ndiyo wewe unayetuchagulia magauni?" Nilipoitikia, akasema, "Yale ya njano hayajanunuliwa mpaka leo."

Mama yake alicheka, nami nikacheka. Tuliporudi kwenye benchi aliniuliza, bila ukali wowote, "Kwenye hilo daftari lako nilikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Basi wateja unao," alisema, akasogeza kikapu nipate pa kukaa.

Nilienda kila jioni soko likifungwa, mpaka binti akaruhusiwa na nikawasindikiza kupanda basi. Kwa siku hizo oda mbili zilichelewa, na mteja wa vitenge akahamia kwa mtu mwingine. Daftari bado ninalo, sijapata njia nyingine. Ila anayesema ana neno bila kulitaja nampigia kwanza, kabla ya chai. Siwezi kusema nafanya hivyo kila siku. Zipo asubuhi naamka nimechoka tayari.

Mama wa Tunduru bado ananiagiza. Huanza na mguu wa binti, shule, mvua, ndipo tufike kwenye magauni. Simu zake ni ndefu. Huwa namsikiliza nimefumba macho, nimeegemea belo la mtumba la mtu, watu wakinipita.