Kioo Kisicho na Vitufe

Simu ya kugusa ikichezewa gemu kwa muda mrefu hutoa harufu yake: plastiki iliyopata moto, jasho la viganja, na mafuta ya chochote ulichokula mwisho. Kwetu, katika nyumba za polisi kilimani Naguru, yalikuwa mafuta ya kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaangwa. Hiyo ndiyo harufu ya likizo moja nilipokuwa na miaka kumi, na hadi leo ikinijia nakunja uso. Simu aliileta Mjomba Otim, kaka yake mama, aliyeuza simu kwenye kibanda Nakivubo na kwa sababu hiyo akajiona profesa. Aliipangusa kwa tai yake, akatangaza: "Hii kitu itaua mashine yote ya gemu. Mtaona. Vitufe imekwisha." Kipya kinyemi ingawa kidonda, tulimpigia makofi.

Nilikuwa na kimashine changu cha gemu cha betri mbili na vitufe vinne vya mpira. Hata nikifumba macho, kidole kilijua kilipo. Kwenye kioo cha mjomba, kidole chenyewe ndicho kilichoziba kile nilichopaswa kukiona. Palikuwa na mtu mmoja anayekimbia juu ya mabati. Ukitaka aruke, unapandisha kidole; ukitaka ageuke, unakiburuta kando. Ukiwa na jasho, alijitupa chini bila kuagizwa. Ukiwa mkavu, alisimama kana kwamba anafikiria kazi nyingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na naamini waliobuni takataka ile hawakuwahi kuwa na chawa. Nilicheza hata hivyo, kutwa nzima, kwa sababu watoto wote wa kambi walikuwa wakinionea wivu.

Lakini simu ile haikuletwa kwa ajili yangu. Baba, askari polisi, alikuwa amepelekwa kulinda amani nchi ya nje kwa mwaka mzima, na aliondoka akiwa hasemezani na mama kwa kuwa alikubali safari bila kumwuliza. Simu ya zamani ya mama ilikuwa imekufa. Mwenzake baba aliyekuja likizo aliichukua namba mpya akampelekea, kisha askari mwingine akatuletea jibu: Jumapili, saa kumi alasiri, baba atapiga. Huko askari walipanga foleni kwenye simu moja, kila mmoja na dakika zake. Jumapili hiyo mama alifagia nyumba iliyokwisha kufagiwa. Saa tisa na nusu akanikabidhi simu. "Aber, ikilia uniite. Usicheze." Akaenda kuoga.

Nilicheza. Nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote, kona imekaribia, nikaburuta kidole kushoto. Papo hapo mabati yakatoweka, ikatokea namba ndefu ya nje, na kwenye simu ile kuburuta kushoto kulikuwa ndiko kukataa. Kidole kilikuwa tayari njiani. Simu ya baba ilikatika kabla haijalia mlio mmoja kamili. Nilikaa nikiomba apige tena, lakini zamu yake ilikuwa imepita. Nikaifuta ile namba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kioo kile kunitii bila ubishi. Mama alipotoka aliniuliza, "Amepiga?" Nikasema bado. Aliketi kando ya simu hadi giza likaingia.

Baba hakupiga tena kwa miezi miwili. Aliporudi walipatana, lakini kila ugomvi, hata wa chumvi, uliishia pale pale. "Mimi nilipiga, wewe ulikata." "Hakuna simu ilikuja." Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo, na mwongo mwenyewe alikaa katikati yao akila maharage. Mwanzoni niliogopa kiboko. Baadaye niliona haya, na haya hiyo ilinikalia miaka.

Sasa nafanya kazi ofisini Nakasero, na mwenzangu wa meza ya pili hunihubiria kwamba simu ya leo ni mashine kamili ya gemu. Amenunua vishikio vyenye vitufe vya kuchomeka kando ya kioo. Mtu anayejisifu kwa mbio huku ameshika magongo unampa pole tu. Gemu yenyewe husimama kila baada ya dakika mbili ili imwuzie sabuni. Mjomba Otim angempigia makofi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa wazazi. Wamezeeka, na siku hiyo walianza kwa sukari, wakafika kwenye simu. Nikasema, "Ni mimi nilikata. Nilikuwa nacheza gemu." Mama alinitazama kama mgeni. Baba akaweka kikombe chini, akauliza polepole, "Na mama yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaoga. Akatoka amevaa gomesi, na mkanda wake, na viatu."

Siku hizi simu inaonyesha sura, na watu wanaipokea wakiwa na nguo za kulalia, wakipiga miayo. Ile haikuonyesha mtu, na mama alijua, lakini alivaa gauni la kwendea harusini.

"Gomesi," baba akasema. "Ya kupokea simu."

"Kunywa chai, inapoa," mama akamwambia.

Hakunywa. "Ile ya kijani?"

Mama akainamisha kichwa. "Ile ya kijani."