Sikio la Mihayo

Katika karakana ile ya vyombo, ufukweni Ilemela, hakuna chombo cha chuma kilichorudi majini kabla Mzee Mihayo hajakigonga. Kwa miaka ishirini na mbili alibandua kutu kwa nyundo na brashi ya waya, kisha akagonga kila bamba huku ametega sikio. Bamba zima hulia, bovu huguna. Akiridhika alichora duara la chaki, na manahodha wakaondoka bila kuuliza la pili. "Mihayo kapitisha," walisema, na baada ya msiba wa meli wa mwaka 1996 neno hilo lilizidi uzito.

Mwaka 1998 karakana, iliyokuwa mali ya umma, iliuzwa. Mwekezaji akaleta mashine ya kujaribiwa: sanduku kubwa kama kabati la nguo, lenye mpira mrefu na kitu kama bastola mwishoni. Fundi wake Josephat, mtu wa Dar, alieleza kuwa hiyo ni leza, mwanga mkali unaoondoa kutu na rangi bila kugusa chuma. Alimwamkia Mihayo shikamoo kwa adabu zote, na Mihayo akaitikia kwa shingo upande. Kitu gani hicho kinachosafisha bila kugusa? Na kama ni cha heri, mbona mwenyewe anavaa miwani myeusi?

Hakuanza kushuku siku hiyo. Mwaka ule alimshuku hata mkewe Getruda, kwamba anamsengenya kwa majirani kwa kunong'ona. Redio yake haikusikika vizuri, akadai ameuziwa betri feki, ingawa majirani walikuwa wamekuja mara tatu kumwomba aipunguze sauti. Watu wa siku hizi, alisema, wanaongea kama wana ugali mdomoni.

Siku ya jaribio lilipandishwa kwenye reli za kutolea vyombo majini tishari, chombo bapa cha mizigo, la Okal, Mjaluo wa upande wa Mara aliyesomba sangara kutoka visiwani na kulala humo na mkewe Apiyo na watoto wao. Mihayo alikuwa amelipitisha mwaka uliotangulia. Akaomba achague yeye bamba la kuanzia, akaonyesha moja la mbele, ambalo angeliapia kwa uzima wake. Ulikuwa mtego. Mashine ikiliharibu hilo, asingebaki mtu wa kuitetea.

Josephat akaelekeza bastola. Moshi mwembamba ukapanda, rangi ikatoweka, chuma kikatokea cheupe kama sufuria mpya. Katikati yake palikuwa na ufa mrefu kama mkono.

Kelele zikazuka. Mafundi walisema mwanga umepasua chuma, Josephat akavua miwani, na wote wakamtazama Mihayo athibitishe. Mihayo alifurahi, tena alifurahi sana, wala hakuona haya. Akachukua nyundo, akagonga kwenye ufa. Akagonga bamba la pembeni ambalo halikuguswa. Akarudia.

Sauti ilikuwa ile ile.

Akaweka kiganja juu ya chuma na kugonga tena, na mkono ukapokea mtikisiko wa bamba bovu ambao sikio halikuuleta. Ndipo akainama na kuchungulia ndani ya ufa. Ulikuwa umejaa kutu nyeusi, ngumu, ya miaka. Ufa wa leo ungeng'aa. Rangi juu ya rangi ndiyo iliyouficha, na juu ya rangi hiyo, mwaka uliotangulia, alichora duara lake la chaki.

Neno moja tu la uongo, na mashine ingerudi Dar. Mihayo alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote. Lakini aliwafikiria watoto wa Okal wamelala nyuma ya bamba lile, akaogopa.

"Mashine haina kosa," alisema. "Ufa huu ni wa zamani. Nimeupitisha mimi."

Okal alimsogelea, akasema jambo polepole. Mihayo aliona midomo tu ikicheza.

"Rudia, Okal. Kwa sauti. Sisikii."

Okal akarudia, na sauti yake ikafika hadi getini.

"Nimekuuliza, mzee. Ni vyombo vingapi vingine?"

Mihayo akageuka kuliangalia ziwa. Tangu alipolipitisha tishari lile alikuwa amepitisha vingine kumi na kimoja, na vyote vilikuwa majini.