Mawe Manane ya Redio

Jumanne, Ramadhani ishirini na tisa, saa kumi na moja u nusu jioni, niliyakuta mawe ya redio ya Baba yameanikwa jamvini na karafuu ili yapate nguvu. Redio yetu inataka manne tu, volti sita. Mimi niliyesoma umeme darasani nikakata shauri kwamba jiwe lililochoka ni nusu jiwe. Basi nikaunga manane kwa waya, nikayafunga kwa utepe wangu wa nywele. Sikumuuliza mtu; naona haya hata kuuliza saa.

Baada ya futari majirani walijaa barazani kungoja habari za mwezi. Baba akawasha. Redio ikalia, ikafuka moshi, ikanyamaza.

“Yakhe, mwezi umeungua?” akauliza jirani yetu, Mzee Faki.

Baba akaigeuza. “Mawe manane! Jua limeyatia nguvu, na mtu kayazidisha. Utepe huu wa nani?”

Nilikuwa nyuma ya mlango, nywele zimenifumka. “Wangu, Baba.”

Mtaa mzima ukala daku. Asubuhi habari zikaja kutoka Wete kwamba ni Idi. Nikavaa baibui, nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafungue, nikianzia kwa Mzee Faki.