Ngozi ya Daraja la Kwanza

Mzee Kasimiri alihamia jirani na mimi, hapa Ipuli, Tabora, akiwa na sanduku la bati, kisu cha kuchunia na mbwa. Mkewe Gaudensia alikuwa amefariki kule Igunga, na mwanawe Valentino, dereva wa lori, akasema baba hawezi kubaki peke yake akijipikia uji, akamleta kwake. Sanduku lilipata nafasi chumbani, kisu kikapata msumari ukutani. Mbwa ndiye aliyeleta maneno.

Jina lake Waache. Marehemu Gaudensia ndiye aliyempa, kwa ajili ya majirani fulani wa Igunga waliokuwa wakimsema, na ndiye aliyemlea kwa tonge za mkononi mwake. Kwa hiyo msishangae mzee kumpenda. Mimi mbwa siwapendi, nasema wazi, lakini nina macho, na nilikuwa nikimwona mzee akizungumza na Waache asubuhi kabla hajasalimia mtu yeyote. Kila kitu kingine cha mkewe kilibaki Igunga.

Tatizo la Waache lilikuwa meno. Alitafuna kandambili, akatafuna mpini wa fagio, akatafuna kigoda cha jikoni mpaka kikawa hakikaliki. Jumapili moja Yustina, mke wa Valentino, alikwenda kuimba kwaya kanisani kwao, Moraviani, akiwa na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili, na yeye husimama mstari wa mbele. Aliporudi hakusema kitu. Kwetu mkwe hamkaripii baba mkwe wake. Anapiga goti, anaamkia, anaandaa chakula, anaondoka. Akiwa na neno zito analipitisha kwa mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mama Koleta," akaniambia kwenye uzio, "naomba umwambie baba. Baba mdogo Emilian anakuja mwisho wa mwezi kutuletea asali. Akirudi Usinge, aondoke na yule mbwa."

Nikapeleka. Emilian ni mdogo wake, analima na kurina asali huko Usinge, na mbwa wa huko huingia msituni na warinaji. Si wote wanaorudi, maana mitego ya nguruwe imejaa. Waache, aliyezoea kulala mlangoni pa jikoni, asingemaliza msimu mmoja, na mzee alilijua hilo kuliko mimi.

"Mwambie nimesikia," akasema. Kisha akaongeza, "Meno ndiyo yanamsumbua. Akipata kitu chake cha kutafuna, ataacha vya watu."

Tulikuwa na wiki tatu.

Mimi niliona ni jambo la kumaliza siku moja. Nilikuwa na ndoo ya mifupa ya mbuzi wa kipaimara cha mjukuu wangu, nikaibeba mpaka kwake. Mzee akanirudisha kutoka mlangoni.

"Mfupa uliopikwa unapasuka, jirani. Vipande vyake vina ncha. Vinatoboa utumbo."

"Mbwa wote wa Tabora wanakula mifupa ya sherehe."

"Na wanaokufa, nani amewapasua akaangalia?"

Nilinuna siku mbili. Mtu unabeba ndoo jua la saa nane, unaambiwa umeleta sumu!

Safari ya pili mzee alikwenda mjini, dukani kwa Azan, ambaye familia yake imeuza kila kitu tangu zamani za babu zake, akanunua mfupa wa plastiki wa rangi ya waridi. Azan mwenyewe alimcheka. "Mzee wangu, huu umekaa hapa miaka miwili, nilikuwa najiuliza nani atakuja kuuchukua." Waache aliumaliza kabla ya magharibi. Mzee akaokota vipande kimoja kimoja, akavipanga mkekani mpaka umbo la mfupa likakamilika, ndipo akapumua. Hakikupungua hata kimoja. Siku iliyofuata bucha wakampa mfupa mbichi wa paja. Akaubonyeza kwa ukucha wa dole gumba, ukucha haukuacha hata alama, akasema huu utavunja meno, akaurudisha. Mwenye bucha hajawahi kurudishiwa mfupa wa bure maishani mwake.

Hapo ndipo alipoikumbuka ngozi. Sijui kwa nini alichelewa hivyo, kwa sababu ngozi ndiyo iliyomlisha. Miaka thelathini alikuwa mpanga madaraja kwenye ghala moja la ngozi Igunga. Ngozi za wafugaji zikiingia, yeye ndiye aliyezitazama na kusema hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya kutupa. Ikiwa na kovu la chapa ya moto, anaishusha. Ikiwa na alama za kupe, anaishusha. Ikiwa na tundu la kisu cha mchunaji mwenye haraka, anaishusha na mchunaji anamtukana juu yake. Hakuna kitu alichojivunia kama jicho lake.

Basi akaenda kwa rafiki yake mmoja mwenye ghala la ngozi hapa mjini, akachagua. Alirudi na kipande kinene cha shingo, safi, hakina doa, hakina tundu.

"Jirani, hii ni ya kwanza," akaniambia. "Hata nikifumba macho naijua kwa vidole."

Akailoweka kwenye beseni usiku kucha, asubuhi akaikata, akaikunja ikawa ndefu kuzidi mdomo wa mbwa ili asiweze kuimeza nzima. Akampa Waache, nasi tukakaa tukimtazama, mimi upande wangu wa uzio, nikichambua mchele. Yule mbwa aliilalia kwa miguu ya mbele, akafumba macho. Mzee alikuwa anatabasamu.

Yustina alitoka jikoni kwenda kumwaga maji ya beseni kwenye mchicha. Akaliinua, akasimama.

"Baba!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake, hata kwenye kwaya. "Baba, mnyang'anye! Nzi wamekufa humu! Wote wamekufa!"

Hakusubiri. Alitupa beseni, akakimbia, akapiga magoti mbele ya mbwa aliyemtafunia viatu, akamtia mikono kinywani na kuichomoa ngozi kutoka katikati ya meno. Mzee akamshika Waache, Yustina akamsukutua kinywa kwa jagi la maji, kisha jingine, kisha jingine. Mimi mchele niliumwaga.

Mzee akaketi chini pale pale kwenye tope. "Ni dawa," akasema. "Dawa ya unga, ya wadudu wa ngozi. Nimeinyunyiza kwa mikono hii miaka thelathini. Haina tundu kwa sababu wadudu wanakufa wakiigusa." Akarudia, "Haina tundu," akafunika uso.

Jicho lake ndilo lililomponza. Mtu mwingine yeyote, mimi nikiwemo, angechukua kipande kibovu, kilichotobolewa na wadudu kwa kukosa dawa, kwa sababu ni cha bei rahisi, na mbwa angekula salama. Tulimpigia simu bwana mifugo, akasema tuendelee kumwosha na kumwangalia. Waache alitapika mara moja, akatetemeka, akalala. Yustina alikaa karibu naye mchana wote akiwa na jagi, na chakula cha siku ile nilipika mimi. Jioni mbwa aliinuka, akanywa maji, akaanza kulamba jagi.

Kesho yake mzee alikwenda bucha alfajiri, akaomba ngozi ya shingo ya ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo hiyo, ambayo haijapita kwa mtu wa dawa. Alirudi na kitu kibaya sana: chapa ya moto katikati, makovu ya kupe, na matundu mawili ya kisu. Akakiosha, akanyoa manyoya kwa kisu chake, akakiwamba kivulini siku nne. Kisha akakiweka juu ya jiwe uani, akaketi mbele yake na kungoja.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nzi."

Walipotua, watatu kwa pamoja, wakatembea na kuruka wazima, alicheka peke yake kama aliyepata mtoto. Akabonyeza kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. Ndipo akakunja, akampa. Waache alikitafuna siku tano. Kilipobaki cha ukubwa wa kidole gumba mzee akakichukua, maana hicho ndicho humkaba mbwa, akampa kingine. Kandambili zikakaa mlangoni, hakuna aliyezigusa.

Lakini neno la Yustina lilikuwa halijatenguliwa, na mzee hakuwa mtu wa kumwomba mkwe wake. Wala hakunituma.

Emilian akafika Jumamosi kwa pikipiki, madumu mawili ya asali nyuma na kamba mpya begani. Mzee alikuwa amemwogesha Waache asubuhi ile na kumkunjia ngozi tatu za safari kwenye mfuko. Yustina akatoka, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Haya, huyo mbwa wenu yuko wapi?"

"Haendi," Yustina akasema, akiwa bado amepiga goti. "Baba aliniomba abaki, nami nikakubali. Utusamehe kwa usumbufu."

Nilikuwa kwenye uzio wiki zote tatu. Mzee hakuwa ameomba chochote. Emilian akamgeukia kaka yake, kamba mkononi.

"Ni kweli, kaka? Ulimwomba?"

"Ndiyo," Mzee Kasimiri akasema, akauweka chini ule mfuko wa ngozi. "Ndiyo, nilimwomba."