Mashujaa Kumi na Mmoja wa Beodeulnaru

Aliyenikata vidole viwili ni baba yangu mkubwa, na alinikatia ndani ya kaburi la ukoo wetu.

Acheni niwaambie ilivyokuwa.

Kwetu Beodeulnaru, bandari ndogo kando ya mto Nakdong, kila vuli tulifyeka nyasi za kaburi lile, tukamimina pombe ya mchele, tukasujudu. Kitabu cha ukoo kilisema wamelala humo mashujaa kumi na mmoja, waliouawa na maharamia wakiilinda bandari.

Barabara mpya ikapangiwa hapohapo. Sheria inataka pachimbwe kwanza, na kazi yangu ni kuchimba mambo ya kale.

Mifupa ya watu kumi na mmoja tuliikuta kweli. Ila mikono ilifungwa nyuma kwa kamba, na mafuvu yamepasuliwa kisogoni. Moja lilikuwa bado na ncha ya jembe.

"Incheol," bosi wangu Profesa Seol akaniuliza, "tangu lini maharamia wanapigana kwa majembe?"

Akaenda barabarani kuwapokea waandishi wa habari.

Nikiwa peke yangu, nikachomoa chini ya mbavu lebo ya mbao, moja ya zile walizofunga kwenye magunia zamani. Imeandikwa: mchele wa kodi, kwenda mji mkuu.

Hawa walikuwa mabaharia wa serikali, waliosafirisha mchele huo. Wenye majembe hapa ni sisi, tangu enzi za babu zetu.

"Lete hiyo!"

Baba mkubwa alikuwa anafyeka pembeni, kaburi lipendeze mbele ya kamera. Akaruka shimoni na mundu wake.

"Baba mkubwa, watu walichinjwa hawa!"

"Lete, mshenzi we!"

Akanipiga teke la tumbo. Nikamrudishia kiwiko, jino likamtoka. Mundu ukashuka, nikakinga kwa mkono.

Lebo ilipasuka pamoja na vidole vyangu. Damu ikarukia mafuvu.

Mzee akapiga magoti, analia.

"Najua walichinjwa! Mzaliwa wa kwanza huambiwa baba yake anapokata roho. Unadhani tunasujudu kwa fahari? Tunaomba radhi, mwanangu."

Nikasikia Profesa anakuja mbio. Nikavikanyagia vile vipande vya mbao kwenye tope.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nimeteleza, Profesa. Nimeangukia mundu."

"Na umepata chochote?"

"Hakuna kitu."

Baba mkubwa alifariki mwezi uliopita, ndiyo maana naandika. Nilikuwa nawaona walioficha jambo hili miaka yote kuwa mashetani. Mimi kulificha kulinichukua dakika moja.

Usijisifu kwamba unapenda ukweli kabla haujakudai mtu wako.