Jogoo wa Mkwe Hapigwi Teke

Kila asubuhi, Afande Ibrahimu akitaka kwenda chooni, alibeba vitu viwili: kopo la maji na ungo. Kopo kila mtu anajua kazi yake. Ungo ulikuwa ngao.

Nyumba yake ipo Ihumwa, upande ule ambao treni ikipita unaisikia lakini huioni, na choo kipo mwisho wa ua, nyuma ya banda la kuku. Kati ya mlango wa jikoni na choo alitawala jogoo mwekundu mwenye damu ya kuchi, wale kuku wa kupigana, shingo ndefu, miguu ya njano, na mwiba nyuma ya kila mguu. Na huyu mzee aliyekuwa akimvizia dirishani huku amekumbatia ungo wa mkewe si mtu wa hivi hivi. Alikuwa askari magereza mpaka siku ya kustaafu. Enzi zake alikuwa akikohoa tu, bweni zima linanyamaza. Sasa alikuwa akisubiri jogoo ageuze shingo ndipo atoke mbio, kopo likimwagika njia nzima, akifika chooni hana maji.

"Haya ndiyo mafao yenyewe," alijiambia akiwa amechuchumaa mle ndani, akisikiliza jogoo anavyoparua bati la mlango.

Jogoo huyo aliletwa na mkwe wake, mzee Zaidi wa Kondoa. Mtoto wa Zaidi, Faridi, ndiye aliyemwoa Munira, binti wa pekee wa Ibrahimu. Zaidi alimshusha jogoo kwenye basi akiwa bado kijana, kafungwa kamba, akasema, "Hii ni mbegu, mkwe. Mfuge." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walishasema, lakini Ibrahimu aliikata kamba jioni ile ile. Aliona kumfunga kuku wa mkwe ni kama kumfunga mkwe mwenyewe.

Ujinga wake ulianzia hapo, na hakuna aliyemsaidia kuufanya. Alimlisha jogoo chenga za mahindi kiganjani. Upepo wa mwezi wa saba ulipoanza kuvuma, alimlaza jikoni asipate baridi. Akampa na jina: Mkwe. Na kwa kuwa yeye alilelewa Kirangi, kwamba ukikutana na mkwe njiani unampisha, basi jogoo akija mbele yake, Ibrahimu alisogea pembeni. Mwanzoni alifanya kwa utani, majirani wacheke. Baadaye ikawa mazoea. Heshima si utumwa, alisema. Jogoo hakuijua methali hiyo. Alichojua ni kwamba ua huu una dume moja refu, halina manyoya, na likimwona linatoa njia.

Alipoota ile miiba ya miguuni, akaanza kudai njia hata pale asipopewa. Ibrahimu alimmwagia maji. Jogoo alijikung'uta akarudi. Alimtishia kwa fagio. Jogoo alipigana na fagio, akashinda. Siku moja alimpiga teke, na mkewe Sikudhani akamwona.

"Baba Munira! Unampiga teke mkwe?"

Aibu ilimshika. Na teke lenyewe halikusaidia, maana jogoo alilipokea kama mtu aliyeitikiwa salamu. Kumbe jamaa anapigana! Tangu siku hiyo hakumwacha apumue.

Yote hayo Ibrahimu angeyavumilia, hata akayachekea, kama isingekuwa sikukuu ya Idi. Munira alikuja na mtoto wake Nasra, miaka minne, kavaa viatu vyekundu vipya. Nasra alikimbia uani akiita kuku. Jogoo akaruka. Kucha zikampita mtoto shavuni, chini kidogo ya jicho, na damu ikatoka. Munira alimbeba mwanawe mpaka kwenye gari, hakusubiri hata pilau.

"Baba, nakuheshimu," alisema. "Ila Nasra hakanyagi tena ua huu huyo kuku akiwa anatembea."

Maneno hayo yalimchoma. Alipokuwa kazini alihamishwa kituo hadi kituo, na Munira alikuwa akimwona likizo kwa likizo, kila akirudi anamkuta mrefu zaidi. Kiwanja hiki cha Ihumwa alikitafuta kwa ajili ya mjukuu. Aliweka ua mpana makusudi, ili mtoto akimbie na yeye akae kibarazani amwone. Sasa mjukuu alikuwa akimwona kwenye simu, na ua mpana ulikuwa wa jogoo.

"Mchinje," alishauri jirani, Mama Domitila, anayefuga kuku tangu enzi za mama yake kule Mvumi.

"Jogoo wa mkwe? Akija kuuliza mbegu yake nimwambie nini? Tuliila?"

Mama Domitila alikaa juu ya ndoo akaangua kicheko. "Basi mfunze. Afande, kuku hana adabu za Kirangi. Ukimpisha, unampa cheo. Ukimpiga, anajua mnagombania mitetea. Usikimbie, usipige. Mkamate, mtie kwapani, tembea naye mbele ya mitetea yake mpaka alegee. Akipapatika usimwachie, maana ukimwachia amekushinda."

"Kesho," alisema Ibrahimu.

Kesho ilipofika alichukua ungo.

Ndipo Faridi akapiga simu. Baba yake yuko Dodoma, Jumamosi watakuja naye kusalimia. Ibrahimu alifurahi, akaagiza mchele, akamwomba Sikudhani achinjishe kuku mwingine, jogoo mmoja mweupe mpole. Kisha akauliza, "Na Nasra?"

"Yupo, baba. Ila mama yake anasema atakaa ndani ya gari."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Usiku huo mwenyeji alijiona hajapona hata kidogo. Mjukuu aje mpaka mlangoni, ale chakula chake nyuma ya kioo, kwa sababu babu yake anaogopa kuku!

Jumamosi gari lilisimama nje ya geti. Ibrahimu alitoka na kanzu yake nyeupe, mikono wazi. Faridi alishuka. Munira akashuka na kupeana naye shikamoo na marahaba. Nasra alibaki ndani, pua imebandikwa kwenye kioo, na shavuni bado kuna kamstari. Lakini mzee Zaidi naye hakushuka. Aliteremsha kioo nusu, akatoa mkono.

"Asalaam aleikum, mkwe."

"Waaleikum salaam. Karibu, shuka mkwe wangu."

"Hata hapa panatosha. Kuna hewa." Zaidi alichungulia juu ya bega la mwenyeji wake. "Ee... yule bwana yupo?"

"Bwana yupi?"

"Yule mwekundu."

Ibrahimu alimtazama mkwe wake, na mkwe akatazama chini.

"Mficha uchi hazai," alisema Zaidi. "Baba yake yule kuku alinifukuza mpaka nikasalia adhuhuri ndani ya banda la mbuzi. Nilipoona mtoto wake kaanza kunyanyua shingo vile vile, nikasema nimpeleke kwa askari. Askari atamweza."

Ibrahimu hakujua acheke au alie. Amelaza jogoo jikoni, amempisha uani, ameacha mjukuu akose kuja kwake, yote kwa heshima ya zawadi ambayo mtoaji mwenyewe aliikimbia!

Wakati huo huo Mkwe mwekundu akatokea getini, akaona sura yake kwenye bampa la gari, akaanza kupigana nayo. Nasra akapiga kelele. "Babu! Babu, mimi naogopa!"

"Hata babu anaogopa," Ibrahimu alimwambia kupitia kioo. Ni kweli aliogopa. Ungo ulikuwa jikoni. Alitembea kuelekea kwa jogoo polepole, na jogoo akageuka, akatandaza manyoya ya shingo, akasubiri apishwe.

Hakupishwa. Jogoo akaruka, mwiba ukachana kiganja cha kulia cha afande, damu ikadondokea kanzu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshakumbatia mbawa zote mbili. Akambana kwapani. Jogoo alipapatika, akalia, akapapatika tena. Ibrahimu akazunguka naye uani mbele ya mitetea yote, akitweta, huku Mama Domitila akiwa juu ya ukuta anapiga vigelegele. Mzunguko baada ya mzunguko, shingo ile ndefu ikalegea.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Viatu vyekundu vikakanyaga ua.

Tatizo likawa moja: afande hakuthubutu kumweka chini. Alikaribisha wageni na jogoo kwapani. Alikaa mkekani na jogoo kwapani. Sikudhani alimfunga kiganja cha kulia kwa kitambaa mpaka kikawa kama bumunda, akaleta wali na yule jogoo mweupe, na juu ya nyama akaiweka firigisi, ambayo kila nyumba inajua ni ya nani. Ibrahimu, kwa kidevu, maana mikono hana, alimwonyesha mgeni.

"Haki yako, mkwe."

"Mimi nilibaki garini," alisema Zaidi. "Hiyo ni ya aliyeshuka." Akaichukua, akampa Nasra. "Mpelekee babu yako."

Nasra alikuja taratibu, jicho moja kwa jogoo, akasimama karibu kabisa na goti la babu yake, mahali ambapo ua wote ule mpana ulijengwa kwa ajili yake. Jogoo alifumba macho.

"Babu," alisema Nasra, "fungua mdomo."