Cheni ya Baiskeli ya Shemeji

Yule fundi baiskeli walimwita Jicho, na jina hawakumbandika bure. Miaka ishirini na sita alinyoosha cheni kwa kutazama tu. Anachuchumaa nyuma ya gurudumu, anafumba jicho la kulia, la kushoto analitembeza kutoka sproketi, lile duara la meno linaloshika cheni, ile ndogo ya nyuma hadi kubwa ya mbele, halafu anatamka: "Imekaa." Na kweli imekaa. Ukimletea rula anakasirika kama umemtukania mama yake.

Sasa Jumamosi moja asubuhi, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alisimama mlangoni pa kibanda, goti limechubuka. Shemeji huyu ni mkunga. Baiskeli yake ni ile ya milimani, yenye matairi mapana, na Jicho ndiye aliyeitoa gia zote akamwachia moja tu, apande vilima vya kwenda kwa wajawazito bila kuhangaika na vikorokoro. Gia moja inadai kitu kimoja: sproketi ya mbele na ya nyuma zitazamane sawasawa. Zikipishana, cheni inakwenda upande, inakwaruza, na mlimani ukikanyaga kwa nguvu inachomoka.

"Imechomoka tena, shemeji," alisema. "Mara ya pili wiki hii. Hivi unanitengenezea baiskeli au unanitafutia kaburi?"

"Wewe nawe unakanyaga kama unaua nyoka!"

Alijibu hivyo, lakini moyoni alikuwa anahesabu. Hiyo ilikuwa baiskeli ya nne mwezi huo kurudishwa kwa ugonjwa uleule, na wale watatu wa kwanza aliwaambia ni ubovu wa barabara. Kama kazi imemtoka mkononi, atafanya nini duniani? Hakujua nyingine, hata ya kubahatisha.

Akachuchumaa, akafumba jicho, akatazama. "Imekaa kabisa! Njoo uone mwenyewe."

Shemeji akainama. "Imekaa wapi, jamani? Mbona imekwenda kombo waziwazi?" Akafungua mkoba, akatoa utepe wa kupimia. "Mimi hata tumbo la mjamzito silipimi kwa macho."

Mtu mwingine angefukuzwa. Huyu ni shemeji, tena mwenye mdomo, basi Jicho akamwonyesha pa kupima huku amenuna. Kutoka katikati ya fremu hadi sproketi ya mbele, milimita hamsini. Kutoka katikati ya gurudumu hadi sproketi ya nyuma, arobaini na sita.

"Umelegeza utepe," alisema Jicho, jicho la kulia bado amelifumba. "Umepinda hapo katikati."

"Nimeuvuta mpaka unataka kukatika."

"Nakuambia umepinda!"

Akafumbua jicho la kulia, utepe ukanyooka. Akalifumba, ukapinda. Akafumbua, akafumba, akafumbua. Loo! Kumbe kilichonyooka yeye alikiona kimepinda, naye kwa bidii zake zote alikuwa anakipinda ili akione kimenyooka. Na asingejua, maana siku zote barabarani alitembea macho yote mawili wazi, na lile zima lilimfichia mwenzake ubovu.

Akakaa sakafuni puu, juu ya mafuta na vumbi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "jicho langu limeharibika."

Shemeji hakutania. Alimziba jicho moja, akamziba la pili, akamwuliza maswali mawili matatu. "Maliza baiskeli kwanza," alisema. "Namba nitasoma mimi."

Basi akamaliza. Alitoa gurudumu, akachomoa pete mbili nyembamba, za milimita mbili kila moja, zilizokuwa nje ya sproketi, akazipachika kwa ndani ili sproketi isogee nje. Mikono haikubabaika hata kidogo. Shemeji akapima mara mbili: hamsini mbele, hamsini nyuma.

"Panda kwenye kerieri. Kliniki ya macho iko palepale kazini kwangu, na leo daktari yupo."

"Nifunge kibanda Jumamosi?"

"Panda, shemeji."

Alipanda. Kwenye mwinuko mkali, palepale cheni ilipochomoka mara mbili, shemeji alisimama juu ya pedeli akakanyaga, na uzito ulikuwa wa watu wawili. Cheni haikutoa hata mlio. Jicho alisikiliza, akajua kazi ni safi, na hapo ndipo machozi yalipomshuka, maana hakujua kama ataifanya tena.

"Naogopa, shemeji," alisema nyuma ya mgongo wake.

"Najua," alijibu mkunga, akihema. "Shika vizuri, imebaki kona moja."